Konokono Mwenye Marinda

Shangazi yangu alianza kupoteza macho mwaka ule ule aliostaafu. Hakuingia gizani mara moja. Daktari wa macho alimweleza kwamba kingo za jicho zilikuwa nzima, ila ile sehemu ya katikati, inayosoma herufi na kutunga uzi kwenye sindano, ilikuwa imekufa na haitarudi. Akikutazama usoni aliona masikio yako na kola ya shati lako, na katikati palikuwa na doa, kama chai iliyomwagikia kitambaa. Tulimzoea akizungumza nasi huku uso ameuelekeza dirishani, maana ndivyo alivyotuona vizuri.

Mwingine angesema ndio uzee huo, akatafuta redio nzuri ya kusikiliza. Lakini Shangazi alikuwa ameishi kwa macho. Miaka thelathini na minne alifanya kazi katika jumba la makumbusho, mtaalamu wa konokono, na si wale wakubwa wanaokula mboga bustanini. Wake walikuwa wa chemchemi, wadogo kuliko punje ya ufuta. Ukiwaona juu ya jiwe utadhani ni mchanga, mpaka mchanga wenyewe uanze kutembea.

Nao walikuwa wamemwachia kazi moja isiyokwisha. Zamani, mimi nikiwa bado shule ya msingi, watu wa idara ya maji walimletea chupa ya konokono kutoka chemchemi nne zilizotoka chini ya ukingo mmoja, nje kidogo ya mji. Walitaka kujua kama ni viumbe wa kawaida, ili wazifunike chemchemi hizo kwa zege na kuyaingiza maji kwenye mabomba. Shangazi alitazama magamba, akapima matatu, akaandika mistari miwili: ni wale wale wa kawaida wanaopatikana kila mahali, hakuna kizuizi. Siku hiyo alikuwa na kazi nyingine nyingi mezani. Chemchemi tatu zikafunikwa. Ya nne ilibaki, na yeye hakujua kwa nini.

Miaka yote baadaye, kila alipopita kwenye rafu ilipokaa chupa ile, kitu kilimsumbua. Gamba lilifanana na la wale wa kawaida, lakini kifuniko chake, kile kimlango ambacho konokono hujifungia ndani, kilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea kuliko ilivyopaswa. Alijiambia atakuja kuwafungua awaone ndani. Hakuwafungua. Ndipo akastaafu, macho yakaondoka, na chupa ile akapewa ruhusa ya kuja nayo nyumbani pamoja na hadubini ya zamani ambayo jumba la makumbusho halikuihitaji tena.

Nyumbani ni kwetu. Hapo lazima nieleze, maana ndipo penye hadithi.

Baba yangu, kaka yake Shangazi, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Mama ni fundi cherehani. Alipoolewa, Shangazi, msomi wa kwanza katika ukoo, aliwaambia wenzake sebuleni kwamba kaka yake kaenda kuoa mshona vifungo. Mama alikuwa nyuma ya mlango ameshika sinia la vikombe. Aliingia, akawapa chai, akatabasamu. Tangu hapo waliitana wifi kwa adabu kubwa, adabu ya watu wanaopeana mikono huku wamevaa glavu. Sikukuu walitumiana salamu. Baba alikaa katikati yao kama mto kwenye kochi.

Kwa hiyo siku daktari aliposema Shangazi hapaswi kuishi peke yake, nilitegemea mazungumzo marefu. Mama alikuwa anakata kitambaa. Hakuinua hata mkasi. Alisema chumba cha uani kina dirisha, kipo wazi, na ni ndugu wa mume wake, basi.

Shangazi akaja na masanduku mawili ya vitabu asivyoweza kusoma, hadubini na chupa. Meza pekee nyumbani yenye mwanga wa kutosha ilikuwa ya Mama ya kukatia nguo. Waliwekeana mipaka wenyewe bila kusema: upande huu vitambaa, chaki na futi, upande ule visahani vya kioo, vibano na spiriti. Mimi, niliyekuwa nikifundisha shule ya jirani na kurudi saa tisa, niliwakuta kila siku wamekaa hivyo, cherehani inanguruma na Shangazi ameinamia hadubini, akigeuza kichwa huku na huku kama kuku anayesikiliza, akijaribu kumwona konokono kwa pembe ya jicho.

Kumfungua konokono wa ukubwa ule ni kazi ya kutisha. Kwanza gamba huyeyushwa kwa tone la siki. Kinabaki kijimwili laini kama uzi uliolowa, nacho hubanwa kwa pini na kuchanwa kwa ncha ya sindano iliyonolewa mpaka isionekane. Chupani walikuwamo kumi na wanane. Shangazi aliharibu wa kwanza, akasema mkono haujazoea. Akaharibu wa pili na wa tatu. Alipoharibu wa nne alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu ingawa haikuwa na uchafu.

Cherehani ilinyamaza.

"Sogea, wifi," Mama alisema. "Huyo unamchinja mara mbili."

Shangazi alimjibu kwa upole wake ule wa glavu kwamba hii si kazi ya kushona. Mama akasema haoni tofauti, kitu ni kidogo, sindano ni kali, na anayeona ndiye anayeshika. Akavuta kiti. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu begani, nikaogopa hata kuuweka chini.

Wa kwanza Mama naye alimharibu. Alikubali mara moja, akasema alibonyeza kwa kidole badala ya kifundo cha mkono. Kabla ya kumgusa wa pili aliinuka, akaenda kuchagua sindano yake mwenyewe ya kushonea shanga, akainoa kwenye jiwe la kunolea mkasi, akairudisha chini ya hadubini na kuitazama. Hakuridhika. Akainoa tena. Kisha akaketi, akashusha pumzi, na kwa pumzi hiyo akamfungua konokono kama mtu anayefumua mshono bila kuumiza kitambaa.

"Sasa niambie ninatazama nini," alisema.

Ndivyo walivyoanza. Shangazi alikuwa na majina ya kisomi ya kila kiungo, lakini siku mbili tu zilimtosha kuona kwamba yanawachelewesha. Akaanza kutumia ya Mama. Ngozi inayofunika mwili ikawa bitana. Tumbo likawa mfuko wa ndani, utumbo ukawa mkanda uliokunjwa mara tatu. Ulimi wa konokono, ambao una meno mengi kuliko msumeno, Mama aliuita zipu, na tangu hapo hata Shangazi akawa anauliza zipu imekaaje. Yeye alifunga macho na kusikiliza, mimi niliandika anachosema Mama, neno kwa neno.

Tulipofika kwenye kiungo cha dume, Mama alikataa kwanza. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alisema amezaa, ameuguza mume, ameosha maiti, lakini hajawahi kuombwa na wifi yake amweleze kitu kama hicho mbele ya binti yake. Shangazi, uso wake ukiwa umenyooka kama wa hakimu, akamweleza kwamba magamba hudanganya, yanafanana kama sare za shule, na konokono hawa hutambulika kwa kiungo hicho hasa. Bila hicho hakuna jina. Mama akajifuta machozi, akarudi kwenye hadubini.

Mtunza hifadhi wa makumbusho, kijana aliyewahi kufundishwa na Shangazi, alikuwa ametuletea chupa ya wale wa kawaida ili tulinganishe. Mama alimfungua mmoja wa kawaida, akamweka kushoto. Akamfungua mmoja wa chemchemi, akamweka kulia. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi kushoto.

"Hawa si ndugu," akasema.

"Sema unachoona," Shangazi akamwambia, "usiseme unachodhani."

"Naona huyu wa kushoto chake kimenyooka, hakina kitu, kama mkono wa shati. Huyu wa kulia kina marinda pembeni. Marinda matano, yamelala upande mmoja."

Shangazi akaomba afunguliwe mwingine. Akafunguliwa. Mwingine tena. Jike mmoja, madume wanne. Wote wanne walikuwa na marinda matano, yamelala upande ule ule. Nilikuwa naandika kwa furaha, nikasubiri Shangazi naye afurahi, maana alikuwa na kiumbe kipya mbele yake, kitu ambacho wataalamu wengine wanakufa hawajakipata. Yeye aliinuka, akaipapasa meza mpaka mwisho wake, akaenda chumbani akafunga mlango.

Sikuelewa mpaka Mama aliponiambia nifikirie ile mistari miwili.

Kiumbe huyu alikuwa akiishi katika chemchemi nne na huenda hakuwapo mahali pengine popote duniani. Tatu zilikuwa chini ya zege, kwa sahihi ya Shangazi. Alikaa chumbani siku ile na iliyofuata. Alikula kidogo. Aliniomba niirudishe chupa makumbusho, wengine wenye macho watakuja kuwaona. Nilijua anachoogopa: kuandika kwamba ni mpya ni kuandika pia kwamba palikosewa, na nani aliyekosea.

Mama aliingia kwake na nguo ya kupiga pasi, kama aliyekuja kwa shughuli nyingine. Mlango ulikuwa wazi. Alimsimulia jambo nisilowahi kulisikia: jinsi alivyowahi kukata vibaya gauni la bibi harusi, kitambaa kilichonunuliwa nchi ya mbali, akafunga kibanda siku mbili akijifanya mgonjwa. Siku ya tatu akaenda mwenyewe kwa bibi harusi na vipande mkononi. Bibi harusi alilia, kisha wakakaa chini wakatazama kilichobaki, na gauni likapatikana, fupi kuliko lililokusudiwa.

"Zile siku mbili ndizo zilizoniumiza, wifi," Mama alisema. "Kule kwenda hakukuniumiza."

Asubuhi Shangazi alikuwa amevaa viatu vya kutembelea, akauliza kama kuna basi la kwenda kule kwenye ukingo.

Tulikwenda watatu Jumamosi. Chemchemi ya nne ilikuwa ndani ya kitalu cha miche cha mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya kuamuru, ambaye kila mtu kule alimwita Mama Miche. Zile tatu tulizipita njiani: masanduku matatu ya zege yenye vifuniko vya chuma, kila moja na namba yake ya rangi nyekundu. Shangazi aliomba nimpeleke karibu na kila moja. Aliweka kiganja juu ya kila kifuniko, akakiacha hapo kwa muda, tukaendelea.

Ya nne ilitoka chini ya jiwe kati ya mifuko ya miche ya michungwa, maji membamba, baridi, yanayoonekana kama hayapo. Mama alilala kifudifudi na chujio la chai. Shangazi alikunja mikono ya nguo, akatia vidole majini, akapapasa chini ya jani lililooza. Alinieleza kwamba mchanga ukiusukuma unakwenda, konokono ukimsukuma anashikilia. Alikuwa anatabasamu, uso umeelekea kwenye michungwa. Kwa vidole tu alipata saba kabla Mama hajapata watatu.

Tulipomaliza alimwomba Mama Miche akae, akamwambia yote. Hakujificha nyuma ya idara wala ya wingi wa kazi. Alisema hizi tatu zimefungwa kwa sababu mimi sikutazama vizuri, na sasa nataka kuuliza, hii yako ilisalimikaje?

Nadhani sote tulitegemea jambo kubwa. Mama Miche alifikiri, akakuna shavu.

"Fundi wa zege alinijibu vibaya," akasema. "Nilimwambia asipaki lori juu ya miche yangu, akaniuliza kama ardhi ni ya babu yangu. Nikamfungia geti. Walirudi mara tatu, nikakataa mara tatu. Mwisho wakachoka."

Shangazi alianza kucheka polepole, kisha akashindwa kujizuia, na kicheko kikageuka kilio bila kuachana na kicheko. Mama alimshika bega. Shangazi akaushika ule mkono, wenye maji na tope, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeendeleza mazungumzo mengine: "Nilikuita mshona vifungo, na ulisikia. Nilijua siku ile ile kwamba umesikia. Nisamehe, wifi."

Mama akasema vifungo kweli alishona vingi, na kwamba asiloweza kusamehe ni ile chai aliyoipika siku ile, maana hakuna aliyeisifu. Mama Miche hakuelewa lolote, lakini alituletea maji ya kunawa na kutupatia mche wa mchungwa.

Kuandika kulichukua miezi mitano. Konokono hai tuliwalaza kwa chembe za mentholi juu ya maji, ili wafe wamejinyoosha, si wamejikunja. Mama alifungua ishirini na sita, akaharibu wawili tu. Yule mtunza hifadhi aliwapiga picha kwa mashine kubwa ya chuo kikuu, na tulipoona zile picha, yale marinda makubwa kama vitambaa vya dirishani, Mama alizisogeza mbali na karibu, akasema mtu aliyeshona hivi hakuwa na haraka. Shangazi alinitajia maelezo kwa kichwa, nami nikapiga chapa: urefu wa gamba milimita moja nukta tisa, mizunguko minne na robo, kifuniko cha kahawia, dume ana marinda matano upande wa kulia. Konokono mmoja alichaguliwa awe kielelezo, ambaye wengine wote watalinganishwa naye, akawekwa chupani peke yake na namba yake.

Kisha akaniambia niandike aya ya makosa. Aliisema bila kusita, wazi, na mwaka wake na sahihi yake. Nilijaribu kulainisha sentensi moja. Akaniambia niirudishe ilivyokuwa.

Palizuka ubishi mara mbili. Wa kwanza ulikuwa juu ya jina. Shangazi alitaka konokono apewe jina la Mama, jambo ambalo ni heshima kubwa katika kazi ile. Mama alikataa katakata. Alisema watu watamuuliza kiumbe huyu wanamtambuaje, naye atawaambia ni kwa kiungo kipi? Basi akapewa jina lenye maana ya marinda, kwa ile lugha ya kale wanayotumia wataalamu, na hapo Mama akaridhika.

Wa pili ulikuwa juu ya waandishi. Shangazi alisema majina yatakuwa mawili. Mama alisema yeye ni wa darasa la saba, wasimfanyie kichekesho. Shangazi akamuuliza nani aliyeona marinda. Mama akasema mimi. Nani aliyesema hawa si ndugu? Mimi. Basi, Shangazi akasema, mwandishi ni huyo, mimi nilikuwa nimefumba macho.

Tulituma makala kwa jarida la wataalamu, na mapitio yao yalirudi baada ya wiki kumi. Mtaalamu mmoja, tusiyemjua jina, aliomba vipimo zaidi. Mwingine aliandika kwamba katika maisha yake hajaona upasuaji safi namna hii, na anaomba kujua mwandishi wa pili alijifunzia wapi. Nilimsomea Mama. Alitazama chini akaendelea kutia pindo kwenye sketi, lakini sindano ilikuwa imesimama.

Makala ilipotoka, Shangazi hakuweza kuisoma. Mama ndiye aliyemsomea, polepole, akijikwaa kwenye yale maneno marefu na kuyarudia, kuanzia jina lake na la wifi yake hadi orodha ya shukrani. Humo walikuwamo Mama Miche, mtunza hifadhi, mimi, marehemu baba yangu, na fundi mmoja wa zege asiyejulikana, kwa kutokuwa na adabu. Mhariri aliuliza kama hilo la mwisho ni kosa la chapa. Tulimjibu si kosa.

Idara ya maji, tuliyoipelekea nakala ya makala, ilitujibu kwa barua yenye ukurasa mmoja. Chemchemi ya nne haitaguswa. Sanduku namba mbili, ambalo bomba lake lilikwisha kuziba, litafunguliwa kwa majaribio. Tulikuwapo siku ile. Watu wanne walinyanyua kifuniko, zege likavunjwa kwa nyundo tangu asubuhi, na mchana maji yakaanza kujitafutia njia kati ya mawe, kwanza ya tope, kisha safi. Shangazi aliomba apelekwe. Alivua viatu, akasimama ndani mpaka vifundoni, ameshika mkono wa Mama, maji yakimpita.

Bado hatujaona konokono hata mmoja pale. Shangazi anasema huenda wamo chini ya ardhi, njia ya maji inakotoka, na huenda hawamo. Kila mwezi tunakwenda watatu na chujio. Yeye anapapasa, Mama anatazama, mimi naandika tarehe na kuweka sifuri, kisha tunakaa kwa Mama Miche tunakunywa chai, na wifi zangu hawa, maana nami siku hizi nawaita hivyo kwa utani, wanabishana nani amechoka zaidi. Ninaporudi nyumbani nao, mmoja amemshika mwenzake kiwiko ili asijikwae, huwa namshukuru Mungu kwa viumbe wadogo.